Naomba ushauri: ukoo wa mke wangu ni Walker, je, ninunue ngao ya ukoo?

Shemeji wa Yorkshire:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mke wangu ni mzaliwa wa Huddersfield, Yorkshire, na kwao ni ukoo wa Walker (kwa Kiingereza, "mtembea kwa miguu"). Watoto wameanza kuuliza asili ya upande wa mama yao. Ya upande wangu wanaijua, kwani bibi yao wa Tanga huwasimulia kila likizo. Baba mkwe anashikilia kwamba mababu zake walikuwa walinzi wa misitu ya mfalme, waliolipwa kwa kuzunguka porini kwa miguu. Sasa kuna duka la mtandaoni linaloniuzia cheti cha historia ya jina hilo pamoja na ngao ya ukoo, yaani nembo ya familia, ndani ya fremu. Je, ninunue? Na kama sivyo, nianzie wapi?

Msoma Nyaraka:
Mkuu, usilipe. Uingereza, ngao hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake. Hakuna ngao ya jina. Mamlaka yenyewe ni College of Arms ya London, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1484, na Walker asiyetokana na mtu aliyepewa ngao hana haki nayo kuliko wewe na mimi.

Jina lenyewe ni la mafundi wa nguo. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji huwa kilegevu na bado kina mafuta, kwa hiyo kililowekwa katika birika la maji yaliyotiwa udongo wa kunyonya mafuta, na mara nyingi mkojo uliochacha, kisha watu wakakikanyaga kwa miguu mitupu hadi nyuzi zikashikamana na kitambaa kikapungua upana na kuwa kizito. Baada ya hapo kilitandazwa nje kwenye fremu ndefu za mbao, kikivutwa kwa kulabu ili kikauke bila kujikunja. Mkojo huo ulikusanywa nyumba kwa nyumba, na Yorkshire desturi hiyo ilifika hadi karne ya 19. (Nadhani watoto wataipenda habari hii kuliko ya misitu.)

Vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilikuwa vimeanza kuchukua kazi ya miguu kabla majina ya koo hayajatulia: orodha ya mali za Watemplari (shirika la watawa wapiganaji wa Kikristo) ya mwaka 1185 tayari inavitaja. Hata hivyo fundi aliendelea kuitwa kwa jina la kazi ya miguu, na jina hilo lilitegemea alikoishi. Kaskazini na katikati ya magharibi aliitwa Walker, kusini-mashariki Fuller, na kusini-magharibi, hasa Devon na Somerset, Tucker. Ndiyo maana jumba la chama chao mjini Exeter, la mwaka 1471, linaitwa Tuckers Hall. Huddersfield imo katikati ya nchi ya sufu, kwa hiyo ukoo wa mkeo uko mahali pake.

Mti Mkavu:
Lakini walinzi wa misitu walioitwa hivyo walikuwepo kweli, Mkuu. Mzee asidharauliwe.

Msoma Nyaraka:
Walikuwepo, sikatai, ila walikuwa wachache mno kuweza kuzaa jina lililoenea kiasi hicho. Mafundi wa nguo walikuwa kila kijiji chenye kondoo na mto.

Binti Kilwa:
Naongeza kwamba jina moja si damu moja. Madam C. J. Walker, yule mfanyabiashara maarufu wa bidhaa za nywele wa Marekani, alizaliwa mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove. Jina la Walker alilipata kwa mume.

Shemeji wa Yorkshire:
Nashukuru sana. Fedha ya fremu inabaki mfukoni. Nyumbani kuna cheti cha ndoa cha babu yake baba mkwe.

Msoma Nyaraka:
Anza na hicho, kwa sababu vyeti vya ndoa vya Uingereza vya tangu Julai 1837 huandika jina la baba wa bwana harusi pamoja na kazi yake. Ukishampata huyo, mtafute katika sensa ya 1851 au ya baadaye, zinazotaja parokia aliyozaliwa mtu. Ile ya 1841 haikuuliza hilo. Kisha nenda kwenye rejista za parokia hiyo, ambazo makanisa yaliamriwa kuziweka mwaka 1538, ingawa nyingi za mwanzo zimepotea. Rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, wala usimruke mtu hata jina likifanana.