Machi hii nimpeleke wapi mwanangu kuona bata, mashariki ya Uingereza?

Baba Peterborough:
Wakuu, salaam. Tumehamia huku tukitokea Naivasha, ambako ndege wa majini tulikuwa tukiwaona kila siku. Hapa mwanangu anaona mashamba matupu na upepo tu. Ameazimwa darubini shuleni na anataka sana kuona bata na wale ndege weupe wa shingo ndefu. Nina Jumamosi moja, mwanzoni mwa Machi. Twende wapi? Au wameshaondoka?

Dada wa Littleport:
Karibu kaka. Mpeleke Welney, hifadhi ya ndege upande wa Norfolk. Pale kuna mito miwili iliyochimbwa na watu karne ya 17, na kati yake malisho ambayo wakati wa baridi huachwa yafurike makusudi, ili maji yasiingie mashambani. Bata hawana raha kuliko hiyo: maji ya kina kifupi, majani chini yake.

Ila msiende asubuhi mkarudi saa sita. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la kufungasha mboga, na basi letu likipita kumekucha tu, batamaji, hao weupe wa shingo ndefu, wameshatapakaa kwenye mashamba ya viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, wakiokota mabaki yaliyoachwa na mashine. Mchana kutwa wako huko. Wanarudi majini kuanzia saa kumi na moja jioni, familia kwa familia, baba, mama na watoto wa mwaka jana ambao bado ni wa kijivu. Mtawasikia kabla ya kuwaona. Hapo ndipo mwanao awe amekaa tayari kwenye kibanda cha kutazamia ndege.

Mwambie aangalie mdomo wa batamaji. Ukiwa wa rangi ya chungwa na nundu nyeusi juu, huyo ni mwenyeji, yuko mwaka mzima. Ukiwa na njano iliyochongoka ikapita tundu za pua, ametoka Iceland. Njano ikiishia karibu na macho, na ndege mwenyewe ni mdogo kidogo, ametoka Siberia. Huyo wa Siberia mtafuteni kwanza, maana ndiye anayewahi kuondoka, na kila mwaka wanaofika ni wachache. Baridi imelegea, wengi sasa wanaishia Ujerumani na Uholanzi. Inaniuma sana, nakwambia.

Kwenye bata, muanzie kwa yule dume mwenye kichwa cha rangi ya kutu na paji la manjano. Halii kama bata, anapiga mbinja. Maelfu yao wakipiga pamoja, hutataka kuondoka.

Mzee wa Ziwani:
Baba Peterborough, salaam zako nimezipokea. Mimi niko huku Naivasha, hujitolea kwenye hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari. Naomba niongeze ndege mmoja.

Kuna bata mdogo, kwenye vitabu mtafute kwa jina la garganey. Oktoba anapofika kwetu dume na jike wote ni kahawia, hata mtaalamu anakodoa macho. Ikifika Februari dume ameshabadili manyoya: mstari mweupe mpana unaanzia juu ya jicho unapinda hadi shingoni. Mwezi Machi wanatuaga kurudi kaskazini, na wa kwanza wa aina hiyo huonekana Uingereza mwezi huohuo. Huko kwenu ni wachache, kwa hiyo msikate tamaa msipompata. Sauti ya dume ni kavu, kama ukucha ukipitishwa kwenye meno ya kitana. Atazame kandokando ya maji, penye matete, si katikati.

Mwambie kijana kwamba ndege wa namna hiyo wanakaa Afrika wakati wa baridi na kuzaa Ulaya, na ziwa moja likikauka, pande zote mbili zimepoteza. Nataka alijue hilo akiwa bado mdogo.

Baba Peterborough:
Asante Mzee, nimemsomea yote, amechora huo mdomo wa Siberia kwenye daftari. Dada, nina gari. Njia ikoje?

Dada wa Littleport:
Uliza kwanza hali ya barabara ya A1101. Inakatiza kwenye malisho yaleyale, na mafuriko yakizidi inafungwa, unalazimika kuzunguka mbali. Vaeni soksi mbili mbili. Kwenye jengo kubwa kuna joto, lakini vibanda vya pembeni viko wazi kwa upepo, na huko ndiko bata wanakusogelea.