Bibi ananidai kondo la nyuma: nimpe au nilitupe shimoni?

Mkunga wa Usiku

Wadau habari za jioni. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa tatu sasa niko zahanati ya kijijini mkoa wa Tanga. Chumba cha kujifungulia kina kitanda kimoja, na usiku huwa niko peke yangu.

Wiki mbili zilizopita alikuja binti, mimba ya kwanza, kasindikizwa na bibi yake mzaa mama. Njia imefunguka sentimita 5. Bibi nikamwambia akae nje kwenye benchi, ndivyo tulivyozoea. Basi kila uchungu ukimjia, binti anashuka kitandani, anapiga magoti, kashika ukingo wa dirisha. Mimi namrudisha: "Lala chali mama, utamuumiza mtoto." Mara ya tatu nikamfokea. Nikatoka kuchota maji, narudi kitanda kitupu. Saa nane ya usiku, wameondoka kwa miguu.

Alfajiri wakaletwa na bodaboda. Mtoto mzima, analia, ila mama damu zinamtoka na kondo bado liko ndani. Nikampiga sindano ya oksitosini, ile ya kukaza kizazi, nikalivuta taratibu, likatoka lote, damu ikakata. (Nilivyotetemeka nikishaosha mikono, anajua Mungu.) Bibi hakunilaumu hata neno. Alinyoosha mkono tu: "Haya, hilo nipe nikalizike." Nikamjibu hairuhusiwi, linakwenda shimo la kondo, kule nyuma karibu na choo. Alinitazama kama nimemwambia mjukuu wake anakwenda jalalani.

Swali langu: katika haya ninayowalazimisha kina mama, lipi ni tiba na lipi ni mazoea tuliyorithishwa bila kuuliza? Maana nimeitafuta sababu ya kumlaza mtu chali, niliyoipata ni moja: mimi nione vizuri.

Mstaafu wa Leba

Mwanangu, pole. Mimi nilisomea ukunga miaka ya 70, kwa vitabu vya Uingereza. Mama akifika tunamnyoa, tunamsafisha tumbo kwa maji ya sabuni, ndipo apande kitanda. Kina mama walikuwa wanalia kwa aibu. Tukaambiwa ndiyo sayansi. Miaka ikapita, hayo yote mawili yakaonekana hayana faida, yakaachwa kimyakimya. Hakuna aliyerudi kuwaomba radhi.

Wakunga wa jadi nao vivyo hivyo. Baada ya mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi kule Alma-Ata, 1978, tulipita vijijini kuwafunza, tukawapa na vifaa. Kisha upepo ukageuka, tukaambiwa wasizalishe tena. Sibishi, uzazi ukiharibika unataka damu, sindano na kisu. Ila tulipomwondoa bibi kwenye kuzalisha, tukamwondoa na chumbani kabisa, wakati kazi yake nyingine haina wa kuifanya: kumshika binti mgongo, kumwambia "bado kidogo, mama yako naye alikuzaa hivi hivi."

Kuhusu chali: mimba kubwa huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka mama aachiwe mkao anaoutaka, ukiwemo wa wima, na awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Hilo la bibi benchini lirekebishe leo leo.

Sitaki Utani

Samahani kwa ukali. Dada yangu alifia kwa mkunga wa jadi, kanyweshwa dawa ya kuongeza uchungu, kizazi kikapasuka, gari la kumpeleka wilayani likapatikana asubuhi. Kwa hiyo nikisikia "tuondoe ukoloni kwenye afya" naona kaburi. Wanaoandika hayo wake zao wanajifungulia hospitali za rufaa.

Niko Waikato

Kaka, pole sana. Dawa ile hakuna anayeitetea hapa. Dada anaulizia magoti, bibi na kondo.

Mimi ni muuguzi Nyuzilandi, nimetokea Tanga hiyo hiyo. Mwaka wangu wa kwanza huku nilishika kondo la mama wa Kimaori (wenyeji wa asili wa huku), nataka kulitia kwenye ndoo ya taka. Shangazi yake akanizuia, akatoa chungu cha udongo chenye mfuniko. Nikaelezwa kwamba kwa lugha yao *whenua* ni kondo, na *whenua* hiyo hiyo ni ardhi. Likizikwa, mtoto ana pake. Nikakaa kimya, maana mimi mwenyewe nikiulizwa kwetu wapi hujibu: pale kilipozikwa kitovu changu. Nimelisema maisha yangu yote bila kulisikia!

Na msidhani haki hiyo walipewa kirahisi. 1907 ilitungwa sheria ya kuwapiga marufuku waganga wao, tohunga, ikafutwa 1962. Hata mamlaka ya afya ya Wamaori, Te Aka Whai Ora, ilianzishwa 2022, na 2024 serikali mpya ikaivunja. Lakini kondo bado tunawapa.

Kitaalamu: likague kwanza kama limetoka zima, liweke kwenye chombo kisichovuja, wazike siku hiyo hiyo, kina kirefu mbwa wasifukue, mbali na kisima, na anayelishika avae glavu.

Mkunga wa Usiku

Shikamoo mama mstaafu. Asanteni wote. Kaka Sitaki Utani, nimekusoma mara mbili. Dawa za kienyeji wakati wa leba nazikataa na nitaendelea kuzikataa.

Nimeongea na mganga mfawidhi. La msindikizaji kakubali palepale. La kondo kasema aulize kwanza wilayani, nasubiri. Nimenunua turubai na godoro jembamba la sponji, naweka chini pembeni ya dirisha. Juzi mama wa mimba ya nne kazalia hapo kwa magoti, mama mkwe kamkumbatia kwa nyuma, mimi nimeinama kama nachuma mchicha. Mgongo umeniuma siku mbili.

Ila kitu kimoja bado. Kwa mkao ule damu iliyomwagika kwenye turubai ilinishinda kukadiria. Mama mstaafu, nyinyi mlikuwa mnaipimaje?

Mstaafu wa Leba

Akishatoka mtoto, mgeuze mama akae au alale, kisha mwekee beseni bapa chini ya makalio. Mimina kwenye jagi lenye vipimo, usikadirie kwa macho. Zikifika mililita 500, usingoje, ita gari.