Toyota IST ya zamani au toleo la pili, nichukue ipi?

Buswelu_Juu
Wakuu, habari za jioni. Nimejikusanya nipate gari la kwanza na roho yangu iko kwa IST ya zamani, ile ya 2002 hadi 2007. Jirani ananikataza, eti nisinunue gari ambalo Toyota walishaacha kulitengeneza. Nichukue toleo la pili, la 2007 hadi 2016, au Honda Fit. Kilomita tatu za mwisho kufika kwangu ni vumbi na mawe. Mnanishaurije?

FundiGerezani
Mkuu, gari haliuawi na kiwanda kuacha kulitengeneza. Linauawa na injini isiyo na ndugu. IST ya zamani ya cc 1,500 inabeba injini ya 1NZ, ileile utakayoikuta kwenye Raum, Probox, Spacio na Premio, na Toyota waliendelea kuifunga kwenye magari mengine miaka mingi baada ya 2007. Pampu ya maji ikikufia Singida, ipo dukani. Ndani ya injini, kinachoendesha valvu ni cheni, si mkanda. Wewe badilisha oili kwa wakati tu. Gia boksi ni ya otomatiki ya kawaida, gia 4.

Toleo la pili la cc 1,500 ni 1NZ hiyohiyo, ila gia boksi kwa nyingi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Kesi zote ninazoletewa zinaanzia hapo. Ukilipenda umbo lake, tafuta la cc 1,800, lenyewe lina gia 4 za kawaida.

MamaDoreen
Fundi kasema kweli. Mimi nilikuwa na hilo la CVT. Kwenye servisi wakamwaga oili ya gia, wakajaza ile nyekundu ya gia boksi za kawaida. Wiki ya pili napanda mlima Kitonga, injini inavuma, mshale wa mizunguko umefika 4,000, spidi imeganda 30. Nakanyaga, haiongezeki. Nilipaki pembeni na watoto ndani, harufu ya kuungua imejaa gari zima. Gia boksi ilikuwa imekwisha, nikanunua nyingine. Mdogo wangu, ukichukua CVT simama pale pale fundi anapofungua kopo, usome mwenyewe kama ni oili ya CVT.

Dereva_Tabata
Naendesha ya zamani, nabeba abiria kila siku. Injini haijanisumbua. Kinachonitesa ni bodi: taa za mbele zimekuwa njano, na bampa unapata ya mtumba tu, iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Ukienda kukagua, inua zulia la buti utazame kutu na alama za maji. Namba ya kilomita usiiamini, tazama mpira wa pedeli ya breki. Umeisha hadi chuma kinaonekana halafu dashibodi inakuambia 80,000? Ondoka.

Tanga_Raha
Suala la ushuru nalo. Ukiagiza Japani, gari binafsi lililovuka miaka 10 linatozwa uchakavu wa asilimia 30, juu ya kodi nyingine zote. Kwa ya zamani haina maana kuagiza. Tafuta iliyokwisha kusajiliwa hapa.

Buswelu_Juu
Asanteni sana. Na Fit je?

FundiGerezani
Ndani ni tamu, sikufichi. Tangi la mafuta wameliweka chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinakunjwa kwenda juu na unapakia hata friji ndogo. Lakini kwa mawe yako hayo, gari lilivyo chini, utakuwa unagonga kila siku. Na nyingi ni CVT vilevile.

Buswelu_Juu
Basi ya zamani. Kuna moja Nyakato, ya 2006, cc 1,500, mwenye gari ni mwalimu. Nimeahidiana naye kesho saa moja asubuhi.

FundiGerezani
Mpigie sasa hivi, mwombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya baridi, washa mwenyewe usikilize sekunde za mwanzo: cheni iliyolegea inalia kama kokoto kwenye kopo, halafu inanyamaza. Ukikuta boneti ni ya moto, rudi kesho kutwa.