Kujitolea Ujerumani mwaka mmoja kupitia weltwärts: utaratibu wake halisi ukoje?

Mzee_wa_Kabati
Wakuu, habari za humu. Kuna kijana wa miaka 22, amemaliza kidato cha sita, anataka kwenda Ujerumani kujitolea mwaka mmoja kwenye chekechea kupitia weltwärts, ile programu ya Wajerumani ya vijana wa kujitolea. Wakala mmoja anamdai milioni mbili na nusu "za nafasi na ubalozi", na amemwambia atafute pia euro elfu kumi na kitu za kuweka benki. Ndivyo ilivyo? Na akishafika, ni nini huwasumbua zaidi vijana wetu?

BintiUpanga
Asitoe hata senti. weltwärts inagharamiwa na wizara ya Ujerumani ya ushirikiano wa maendeleo. Ilianza 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani nje, na mlango wa vijana wa kwetu kwenda kule ukafunguliwa 2013. Umri ni miaka 18 hadi 28. Nauli, bima, malazi, chakula na posho ya mfukoni ni juu ya programu. Nafasi haiuzwi, na wala haiombwi ubalozini: kijana anachaguliwa na shirika la hapa nyumbani lenye ubia na shirika la kule. Pa kuulizia kwanza ni dayosisi na parokia zenye marafiki Ujerumani, asasi za vijana, na vyama vya miji rafiki (Mwanza na Würzburg wana urafiki tangu 1966, Dar na Hamburg tangu 2010).

Hizo euro za benki wakala kazichanganya na mambo ya wanafunzi wa chuo. Wao ndio huwekewa sharti la akaunti iliyofungwa (hela huwekwa humo kabla, kisha hutoka kidogo kidogo kila mwezi), euro 11,904 kwa mwaka. Wa kujitolea anabebwa na mkataba wake.

Mtihani mwepesi wa kumpima wakala: mwambieni aoneshe mkataba. Vijana wa kwetu wakifika kule huhesabiwa ndani ya huduma ya kujitolea ya shirikisho, Bundesfreiwilligendienst, na mkataba wake haukamiliki bila ofisi ya shirikisho inayoitwa BAFzA, makao yake Köln. Jina la kituo cha kazi, anwani, tarehe za kuanza na kumaliza, vyote vimo. Akianza kusema "mkataba utakuja baada ya malipo", hapo mmeshajua mnazungumza na nani.

Fundi_Saa
BintiUpanga kamaliza upande wa hela. Mimi niongeze makaratasi, maana huko ndiko wengi hukwama.

Pasipoti ni shilingi 150,000 na inaombwa kwenye mtandao wa Uhamiaji. Tatizo kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Juma Hamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Juma H. Bakari, kitambulisho cha NIDA nacho kina lake. Arekebishe sasa, kabla ya pasipoti. Ukishapanga miadi ya viza ndipo ugundue, unaweza kupoteza msimu mzima, kwa sababu vituo vingi hupokea watu Agosti au Septemba.

Lugha: mashirika mengi hutaka angalau A1, yaani ngazi ya kwanza ya Kijerumani. Mtihani wa taasisi ya Kijerumani ya Goethe, Dar au Nairobi, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Kwa A1 ahesabu vipindi kati ya 80 na 200 vya dakika 45, kutegemea kasi yake. Anayeanza wiki sita kabla ya mtihani hujua kujitambulisha tu, na kwenye kusikiliza anaanguka.

Kwenye mahojiano ya viza huulizwa maswali ya kawaida kabisa: utakaa mji gani, kituo kinahudumia nani, siku yako itakuwaje, ukirudi utafanya nini. Barua ya maelezo iliyonakiliwa kwa mwenzake hugundulika kwa swali la pili.

Akifika, ndani ya siku 14 ajiandikishe ofisi ya mji akiwa na karatasi ya mwenye nyumba. Kisha aombe kibali cha ukaazi mapema, kabla viza haijaisha. Ofisi za wageni za miji mikubwa zina foleni ndefu mno.

Kahawa_Tungu
Swali la mwisho la Mzee halijajibiwa. Vinavyosumbua ni vidogo vidogo.

Chakula: sisi mgeni hukataa kwanza kwa adabu, akisubiri kusihiwa. Mjerumani akisikia hapana, anafunika sufuria. Kijana analala njaa huku mwenyeji anaamini ameshiba. Akitaka, aseme ndiyo mara ya kwanza.

Kukosolewa: mwalimu wa chekechea atamwambia waziwazi mbele ya wenzake kwamba hivi sivyo, na baada ya dakika tano wanakunywa kahawa pamoja. Hajagombezwa. Akinyamaza na kuinamisha macho kwa heshima, kule husomeka kama hajali au anaficha kitu.

Akiumwa apige simu kituoni kabla zamu haijaanza. Ujumbe wa saa nne asubuhi hauhesabiki.

Na kuna barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama hakuna TV. Wengi huitupa wakidhani ni matapeli, deni linakua. Aipeleke kwa msimamizi wake. Akikaa na familia inayolipa tayari, hadaiwi mara ya pili.

Mzee_wa_Kabati
Nashukuru sana wakuu. Na hiyo posho, anaweza kutuma nyumbani kidogo?

BintiUpanga
Posho si mshahara, ni hela ya vocha, sabuni na matembezi. Familia ielezwe hivyo kabla hajapanda ndege, maana simu za "tutumie ada ya mdogo wako" huanza mwezi wa kwanza. Na ndani ya mwaka huo kuna siku 25 za semina, asizihesabie kuwa likizo: ni lazima, na humo ndimo hukutana na wenzake waliotoka nchi nyingine.