Mwanangu kapigwa mkasi swali la methali kwa sababu ya kijitabu cha fotokopi. Wazazi wa Iringa mpo?

Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo nimekaa nalo tangu Ijumaa nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka, kwa hiyo nalileta kwenu.

Mwanangu yuko darasa la sita, shule moja ya binafsi hapa Iringa mjini, hizi za mchepuo wa Kiingereza ambazo ada yake inatufanya tuuze mahindi kabla hayajakauka. Ijumaa karudi na karatasi ya jaribio la Kiswahili. Swali hili hapa, nalinakili lilivyo:

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inatufundisha kwamba: A. Kilimo ni uti wa mgongo. B. Mgeni akikaa sana huchosha. C. Kila mtu anapaswa kufanya kazi. D. Wageni hawapendi kulima."

Mtoto kachagua C. Kapigwa mkasi wa wino mwekundu, mkubwa mpaka kalamu imechana karatasi. Pembeni kaandikiwa B, na chini yake, kwa mwandiko mdogo, ile methali ya Kiingereza inayosema samaki na wageni hunuka baada ya siku tatu.

Samaki! Kwenye swali la jembe!

Jumamosi nikaenda shuleni. Mwalimu mpole, hakunigombeza, akafungua droo akatoa kijitabu cha fotokopi, jalada la kijani, kimebanwa pini mbili. Ndani kuna safu mbili: kushoto methali za Kiswahili, kulia za Kiingereza, katikati alama ya sawasawa. Kila methali imepewa mwenzake, zote zimeozeshwa, hakuna aliyebaki. "Mzazi, mwongozo ndio unavyosema." Jina la aliyekitunga hakuna, wala mwaka, wala mahali kilipochapwa.

Sasa tuongee. Hiyo ya samaki Benjamin Franklin wa Marekani aliichapa kwenye kalenda yake ya mwaka 1736, na wenzake walikuwa wanaisema kabla yake. Ni utani wa mwenye nyumba aliyechoka. Mgeni yuko palepale kwenye kiti, hana la kufanya zaidi ya kunuka, na dawa yake ni aondoke. Methali yetu haijamfukuza mtu. Imempa jembe! Mtu anayepewa jembe anabaki, kesho yupo shambani na wenyeji, jioni anakula chungu kimoja nao. Zote mbili zinahesabu siku tatu, basi huyo wa fotokopi kaona tatu na tatu akasema zimelingana.

Na mwanangu hakubahatisha hiyo C. Mwalimu Nyerere aliitolea mfano methali hiyohiyo kwenye andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alipokuwa anaeleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Akaongeza kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa anaomba jembe kabla hajapewa, maana angeona aibu kuendelea kukaa bure. Kwa hiyo Baba wa Taifa naye angekosa swali hili la darasa la sita. Angepigwa mkasi na kuandikiwa samaki.

Najua atakuja mtu wa Pwani hapa aniambie kuna yale mashairi ya mgeni yanayoanza siku ya kwanza na mchele na panza, yanaishia siku ya kumi na mateke na magumi. Nayajua. Ndiyo hoja yangu yenyewe! Ukiisema ya jembe ndani ya mashairi yale, inaelekea kwenye kumchoka mgeni. Ukiisema alivyoisema Nyerere, inaelekea kwenye kazi. Anayeamua ni msemaji, aliyeambiwa na pale waliposimama. Huwezi kuibana kwenye herufi moja halafu mtoto aliyeielewa vizuri ukamwita kilaza.

Mimi nimeisikia ikitumika kwa njia ya tatu kabisa. Shangazi yangu yuko Ilula, analima nyanya. Mwaka juzi mpwa wetu alitoka Dar kuja kupumzika, kila asubuhi yuko kibarazani na simu, na lori la kuchukua mzigo limeshafika barabarani, matenga hayajajaa. Shangazi akapita mbele yake na ndoo mbili, moja akaiweka miguuni pake: "Baba, siku ya tatu leo." Hata methali hakuimaliza. Kijana akacheka, akavaa malapa, akaenda kuchuma. Jioni shangazi akamchinjia kuku. Hakuchokwa na mtu. Aliambiwa umekuwa wa nyumbani sasa. Hiyo iko herufi gani? Hata kwenye C haitoshi.

Ukurasa mwingine kuna ile ya Waingereza ya jiwe linalobingirika, kwamba halioti ule ukijani wa mawe yaliyokaa kwenye unyevu. Kijitabu kimeifunga na "Mtembezi hula miguu yake". Sawa, Waingereza wa zamani ndivyo walivyoitumia: anayehamahama haambulii kitu. Ila Wamarekani wengi wakiisema wanasifia: usikae mahali pamoja, utaota ukungu. Maneno yaleyale, lugha ileile, maana zimepeana mgongo. Ukimfuata Mmarekani huyo, mwenzake kwetu ni "Mtembea bure si mkaa bure", ambayo inagombana waziwazi na hiyo ya kula miguu. Wenye lugha yao hawajaafikiana, huyu wa fotokopi alama ya sawasawa kaitoa wapi?

Ile ya Waingereza ya ukiwa Roma fanya wafanyavyo Warumi nayo wameiozesha kwa "Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho". Hapa nalegeza kidogo, zinakaribiana. Lakini ya Roma imetokana na suala la kufunga. Mtakatifu Monika alifika Milano akakuta Wakristo wa pale hawafungi Jumamosi, Augustino mwanawe akaenda kumwuliza askofu Ambrosi, naye akajibu kwamba akiwa Roma hufunga, akiwa Milano hafungi, na wao wafuate desturi ya kanisa la mahali walipo. Ni adabu tupu. Yetu ina kejeli ndani: wenyeji ndio wenye chongo, wewe unaona vizuri, unajifanya tu. Nenda ukweni siku ya kwanza umwambie baba mkwe kwamba umefumba jicho kwa sababu uko kwa wenye chongo, halafu umtulize kwamba kwa Kizungu ni maneno ya heshima.

Kilichonimaliza nguvu ni tulipoagana. Nimeshasema nataka mwanangu arudishiwe alama yake, mwalimu akatabasamu: "Mzazi, haraka haraka haina baraka, tutalifanyia kazi." Mnaona? Methali ameitumia papo hapo, kwa ustadi, kuninyamazisha mimi. Hakuangalia safu ya kulia. Nikamjibu, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Akacheka, nami nikacheka japo nilikuwa na hasira. Watu wazima wawili tumepigana kwa methali mbili zinazopingana na kila mmoja kamwelewa mwenzake. Kwa nini mtoto anyimwe hilo, afundishwe kukariri kama bei za sokoni?

Simsemi mwalimu kwa ubaya. Ana madarasa matatu na madaftari yamejaa meza. Nasema huyo aliyeleta kijitabu, na uongozi uliokiita mwongozo, na sisi wazazi tunaoangalia jumla ya alama tu bila kusoma swali.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kaniambia "alama moja tu mama, tulia". Mkuu, mtoto ameniuliza kama bibi yake wa Kilolo akija kututembelea atanuka. Hiyo alama moja imeshafika huko.

NYONGEZA 2: Wanaouliza ninataka nini hasa. Swali la methali litolewe na kisa: nani kamwambia nani, wakiwa wapi, halafu mtoto aeleze kwa sentensi zake. Kusahihisha kutachukua muda, najua. Kama hilo haliwezekani, basi chaguo zaidi ya moja zikubalike.

Kikao cha wazazi ni Jumatano na karatasi naibeba. Wenye watoto Mafinga, Njombe na Mbeya, fungueni mabegi yao leo usiku. Ukikuta kijitabu cha jalada la kijani, piga picha ukurasa wenye neno "mgeni", weka hapa.