Hekalu la Kamakhya pale Guwahati, ile njia ya mawe nani aliijenga?

MgeniWaAssam:
Wakuu habari za humu. Niko India nasoma, mwaka wa pili sasa, mji unaitwa Guwahati huko Assam, kaskazini mashariki kabisa. Hosteli kwetu ukifungua dirisha unakiona kilima cha Nilachal, mto Brahmaputra unapita chini yake mpana kama ziwa, na juu ndio kuna hekalu la Kamakhya. Jumapili nimepanda kwa miguu ile njia ya zamani ya mawe, nimefika jasho linatiririka, mzee mmoja anayeuza maua akaniambia hii njia ilijengwa usiku mmoja na haijamalizika mpaka leo. Nikamuuliza nani aliijenga, Kihindi changu cha kuokoteza kikaishia hapo. Naombeni anayejua anisimulie, na anitenganishie hadithi na historia, maana nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu.

BintiMrima:
Umenikumbusha mbali mdogo wangu, mume wangu alikuwa na kazi Assam tukakaa kule miaka mitatu. Huyo mzee hajakudanganya, njia yenyewe wanaiita Mekhelauja. Zamani za zamani kulikuwa na mfalme jitu anaitwa Narakasura, akampenda Kamakhya mwenyewe, mungu wa pale kilimani, akataka kumuoa. Yule mama hakutaka ila hakumkatalia usoni, akampa sharti, sawa nitakubali, nijengee ngazi kutoka chini mpaka hekaluni kwa usiku mmoja kabla jogoo hajawika. Basi Naraka akaanza, jiwe juu ya jiwe, kazi inakwenda kweli, usiku bado mbichi na yeye kabakiza kidogo tu, Kamakhya kuona hivyo akamfanya jogoo awike kabla ya saa yake. Naraka akajua kumekucha, akaacha. Alipokuja kutambua kachezewa alimkimbiza yule jogoo mbali huko mpaka akampata akamchinja, na mahali pale panaitwa Kukurakata hadi leo. Kiassam kukura ni kuku na kata ni kukata, siku naambiwa hivyo nilishika mdomo, nikamwambia jirani yangu hata kwetu ukisema kuku kata tumeshakuelewa.

MzeeWaMakavazi:
Kwa historia wacha niingie hapo. Maandiko ya zamani yanayomweleza huyu mungu kwa kirefu ni Kalika Purana, ya karne ya 10 au 11 hivi. Kabla ya hapo, karne ya 7, Xuanzang yule mtawa wa Kibudha kutoka China alifika Kamarupa (ndio jina la zamani la nchi hiyo) akiwa mgeni wa mfalme Bhaskaravarman, akaandika habari za mahekalu na ibada za watu wa kule lakini Kamakhya hakuitaja. Sio kwamba kilima kilikuwa kitupu, wanahistoria wengi wanaona pale paliabudiwa na watu wa milimani, Wakhasi na Wagaro, kabla ya makuhani wa Kihindu kufika. Ukirudi angalia kuta za chini, utaona mawe ya kuchonga ya zamani sana, halafu juu kuba la matofali lenye umbo kama mzinga wa nyuki. Hilo kuba ni la mfalme Naranarayan wa Koch (ufalme uliotawala huko karne ya 16) na ndugu yake Chilarai, inasemekana mafundi walijaribu kwanza kwa mawe likaanguka ndio wakahamia matofali.

Sasa ukiuliza nani alibomoa hekalu la mwanzo wengi watakuambia Kalapahar, jemadari wa Bengal. Hapo mimi nakataa kabisa. Kalapahar alikuja na vita vya mwaka 1568, na mle hekaluni kuna maandishi kwenye jiwe yenye mwaka 1487 wa kalenda ya Shaka, yaani 1565 yetu. Atabomoaje kitu kilichokwisha jengwa upya miaka mitatu nyuma? Wanaotaja uvamizi wa Hussein Shah, sultani wa Bengal, wa 1498 hao naweza kuwasikiliza.

KijanaWaNyamagana:
Mmeruka mwanzo wakuu. Kwa nini kilima hiki? Sati mke wa mungu Shiva alijitupa motoni baada ya baba yake Daksha kumdharau mumewe mbele za watu, Shiva akabeba maiti akawa anazunguka nayo dunia nzima kwa uchungu, mungu mwingine, Vishnu, akaikata vipande kwa kile kisahani chake chenye makali ili kumtuliza, na sehemu ya uzazi ikaangukia Nilachal. Ndio maana ukiingia ndani hukuti sanamu. Unashuka ngazi gizani mpaka kwenye mwamba wenye ufa, chemchemi inatoka hapo, ndio panapoabudiwa. Na kila Juni kuna sikukuu ya Ambubachi, wanaamini mungu yuko kwenye siku zake, milango inafungwa siku tatu, wakulima hawalimi maana ardhi nayo inapumzika, ikifunguliwa mahujaji wanagawiwa vipande vya kitambaa chekundu. Mimi kwetu nimezoea mambo hayo kuwa ya kunong'onezana, kuona umati wote ule unayaheshimu hadharani kulinigusa sana.

MgeniWaAssam:
Asanteni sana, nitarudi nikaangalie hayo mawe. Ila mbona nimesikia ukoo wa huyo Naranarayan ndio hawaendi pale?

BintiMrima:
Ndio hivyo. Kulikuwa na kuhani Kendukalai, jioni akiendesha ibada Kamakhya mwenyewe alikuwa anatokea anacheza. Mfalme akamsumbua na yeye anataka kuona, akachungulia kwenye tundu, mungu akamuona. Kuhani alikatwa kichwa palepale, mfalme akalaaniwa yeye na uzao wake wasitie mguu kilimani. Kwa hiyo inasimuliwa watu wa ukoo ule wakipita huko bondeni walikuwa wanafungua mwavuli, jua halipo mvua haipo, ili wasikione hata kilima.