Tunu anaondoka kesho

Kikundi: Wana wa Bibi Tukuyu
Jumamosi, kuanzia saa 1 jioni

Mama Lusajo: Shikamoo mama, shikamoo kaka. Wengine habari za jioni. Mbwa wetu Tunu anaondoka kesho alfajiri. Leo ni siku ya 49 tangu apandishwe, mfugaji anakuja na gari kumchukua akazalie kwake Iringa. Lusajo hajala tangu mchana.

Bibi (anaandika Gwamaka): Marahaba mwanangu. Mwambie mjukuu wangu kwamba Tunu anaenda kujifungua, hajauzwa. Atarudi.

Tusekile: Poleni sana dada. Na mimi yule mfugaji kanipigia juzi. Ana jike lingine la German shepherd, wiki 8, anataka nilichukue kwa utaratibu kama wako, nilee mimi, azalishe yeye. Sina hela ya kununua mbwa wa aina ile, na hapa Ilomba tumeshaibiwa kuku mara mbili. Niambie ukweli, nikubali?

Kaka Ambakisye: Marahaba. Mimi huu mpango tangu mwanzo haujaniingia akilini. Unalisha, unaogesha, unatoa kupe, halafu watoto wa mwenzio. Wewe unapata nini?

Bibi (anaandika Gwamaka): Ambakisye, ng'ombe wa kwanza wa nyumba hii aliingiaje? Si kopa ng'ombe lipa ng'ombe? Nilimkata majani mimi, nikamkamua mimi, na ndama jike wa kwanza nikampeleka kwa jirani aliyefuata kwenye orodha. Maziwa mlikunywa nyinyi.

Kaka Ambakisye: Hapo mama umenishika. Nimekumbuka hata jina lake.

Mama Lusajo: Kaka, nilichopata ni hiki. Lusajo alikuwa haendi choo cha nje usiku bila kuniamsha. Siku hizi nasikia mlango tu, wanatoka wawili, Tunu mbele. Wakirudi Tunu anajilaza pale mlangoni kwake, mgongo umebana ubao. Mbwa wa namna hiyo nisingeweza kumnunua.

Mama Lusajo: Tusekile, sasa wewe. Mfugaji akijaza majike kumi kwenye banda moja, wanakua hawajui watu. Wanakuwa waoga au wakali, na mama mwoga analea watoto waoga. Ndiyo maana jike zuri analipeleka kwenye familia likiwa dogo, likue na watoto, redio na wageni, ila haki ya kulizalisha inabaki kwake. Mkataba wangu unasema Tunu atazaa mara 3, na si zaidi ya mara moja kwa mwaka. Baada ya hapo anafungwa kizazi kwa gharama ya mfugaji, na karatasi zinaandikwa jina langu. Chakula, dawa ya minyoo, kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka ni juu yangu. Vipimo vya uzazi, kupandisha na kuzalisha ni juu yake.

Tusekile: Mbona inaonekana rahisi?

Mama Lusajo: Kazi iko kwenye joto, mdogo wangu, yaani siku za jike kutaka dume. Linakuja kama mara mbili kwa mwaka na linachukua karibu wiki 3. La kwanza nilikuta matone ya damu kwenye kapeti, nikadhani kakanyaga chupa, nikamkagua kidole kimoja kimoja. Kumbe ndiyo lenyewe. Siku ya kumi hivi damu ikafifia, ikawa kama maji yaliyooshea nyama. Nikasema limekwisha, nikashika kitasa nimfungulie. Bahati nilikuwa naongea na daktari wa mifugo kwenye simu, akanikatalia: damu ikififia ndipo jike anapokubali dume! Usiku ule madume yalilala getini, moja likachimba chini ya uzio upande wa migomba. Nilikesha na tochi.

Mama Lusajo: Na jike anaweza kubeba mimba moja yenye watoto wa baba wawili. Yaani hata kama keshapandishwa na dume la mfugaji, ukimwachia kabla joto halijaisha umeharibu.

Shemeji wa Iyunga: Mimi niongeze moja. Jirani yangu alikubaliana na mfugaji mmoja kwa mdomo tu. Wakasema mara 3. Ya nne akaja, akasema ile ya pili haihesabiki maana walitoka watoto wawili tu. Ya tano akaja tena. Yule mbwa alirudi mbavu nje, chuchu zimeburuza, na wale watoto wa jirani wakamkimbia, hawakumtambua. Iliniuma sana. Tusekile, bila karatasi usichukue.

Tusekile: Jamani maskini. Dada, kwako kuna karatasi?

Mama Lusajo: Ipo, kurasa 2, tumesaini mbele ya mjumbe. Vipengele viwili niliviomba mwenyewe. Kwanza, akifa kwa uzazi hakuna anayemdai mwenzake, ila nikiacha geti wazi akagongwa na gari, nalipa. Pili, akipandishwa mara mbili asishike mimba, anafungwa kizazi na anabaki kwangu. Mfugaji alivikubali siku ileile, na hapo ndipo nilipomwamini.

Mama Lusajo: Kingine, muulize atampandisha akiwa na umri gani. Wangu alisubiri Tunu atimize miaka 2 ndipo akampiga eksirei ya nyonga. German shepherd wanarithishana ubovu wa nyonga, na picha ya utotoni haitoshi. Anayetaka kupandisha kwenye joto la kwanza, huyo mkatalie. Ni mtoto bado.

Kaka Ambakisye: Sasa huko Iringa anakaa muda gani?

Mama Lusajo: Mimba ni kama siku 63, kwa hiyo bado wiki 2. Anapelekwa mapema ili azoee sanduku la kuzalia. Halafu ananyonyesha mpaka watoto waachishwe, wiki 6 au 7 hivi. Jumla kama miezi 2. Mfugaji kasema tunaruhusiwa kwenda kumwona watoto wakishapata chanjo, maana parvo, ule ugonjwa wa mbwa, inasafiri hata kwenye soli ya kiatu.

Bibi (anaandika Gwamaka): Akirudi mleteni huku apumzike.

Mama Lusajo: Tutamleta mama, ila naomba muokote maparachichi yote uani. Nyama yake siyo shida sana, kokwa ndilo linaloziba utumbo.

Bibi (anaandika Gwamaka): Gwamaka ataokota.

Tusekile: Dada nipigie picha ule mkataba, kurasa zote. Jumatatu nampigia mfugaji. Nitamwomba na mimi aweke hivyo vipengele viwili, akikataa basi.

Mama Lusajo: Natuma sasa hivi.

Mama Lusajo: [picha]

Mama Lusajo: [picha]

Shemeji wa Iyunga: Lusajo kala?

Mama Lusajo: Kala kidogo, kakaa sakafuni na Tunu. Anasema watoto wanamgonga mkono kwa ndani. Sweta lake la shule la zamani kaliweka kwenye mfuko wa Tunu, lile la kijani lenye kiwiko kilichotoboka. Nilitaka kulifua kwanza, akakataa, anasema litapoteza harufu yake.

Bibi (anaandika Gwamaka): Usilifue.